Vitiligo mbili ndani ya nyumba moja: kisa kutoka Mtwara

Waliokuja kliniki walikuwa watatu: mtoto wa kiume wa miaka 12 anayesoma darasa la sita, mama yake mkubwa wa miaka 41 anayemlea hapa Mtwara mjini, na mjomba wake aliyeshuka kutoka Newala baada ya malipo ya korosho kuingia. Majina nimeyaacha, na mambo machache yasiyohusu ugonjwa nimeyabadili ili wasitambulike.

Mjomba ndiye aliyeongea. Alitoa mfukoni tyubu ya klobetasoli, dawa ya kupaka ya steroidi, iliyokwisha nusu, akaiweka mezani. "Dokta, hii ilimsaidia mama yake mkubwa pale mdomoni. Mbalanga ni ile ile, ya ukoo. Tunachotaka utuambie ni mtoto apake mara ngapi kwa siku."

Ombi hilo lina mantiki yake. Watu wawili wa damu moja, ndani ya nyumba moja, wote wana mabaka meupe, na wote wawili jina la ugonjwa wao hospitalini ni vitiligo. Lakini nilipowaweka karibu na dirisha na kuwatazama mmoja baada ya mwingine, nilikuwa naangalia magonjwa mawili yanayofanana kwa rangi na kutofautiana kwa tabia. Tofauti hiyo inatokana na jinsi kinga ya mwili inavyofanya kazi ndani ya ngozi ya kila mmoja, na ndiyo inayoamua dawa, muda wa dawa, na matumaini ya kumpa mgonjwa.

Mama mkubwa

Ni mbanguaji wa korosho. Doa la kwanza lilimtoka miaka sita iliyopita kwenye vifundo vya vidole vya mkono wa kulia. Mwaka haujaisha, mkono wa kushoto nao ukafuata, kwenye vifundo vile vile. Zikaja pembe za mdomo, viwiko, magoti, kisha sehemu ya juu ya miguu, na kila palipotoka kulia pakatoka na kushoto.

Miguuni weupe umechora alama ya mikanda ya kandambili, kuanzia katikati ya kidole gumba na cha pili, ukagawanyika kwenda pembeni. Mkanda husugua ngozi siku nzima, na gundi za baadhi ya viatu vya mpira zina kemikali za jamii ya fenoli ambazo zinajulikana kuua seli za rangi. Mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, ana doa refu jembamba linaloshuka na kuishia kwa ncha. Hilo lina historia yake. Jirani alimshauri apake mafuta ya ganda la korosho ili "kuchoma" kidoa kidogo kilichokuwa hapo. Kila mbanguaji anayajua mafuta hayo. Yana asidi ya anakadi na kadoli, yanababua ngozi, na ndiyo sababu wengine hujipaka majivu au mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza kazi. Mafuta yakachuruzika, ngozi ikatoka malengelenge, na ilipopona ikapona ikiwa nyeupe, ikifuata njia ile ile ya mchuruziko.

Ngozi inayozaa doa jipya kila inapojeruhiwa ni ngozi ambayo ugonjwa wake uko macho. Tabia hiyo inaitwa dalili ya Koebner, na huonekana hasa kwenye vitiligo ya pande mbili.

Nikamuuliza mambo ambayo hakutegemea kuulizwa na mtu wa ngozi. Akasema ndiyo, anachoka sana. Ndiyo, choo kinakuwa kigumu. Na msimu wa joto, wenzake wanapojipepea kwenye kibanda cha kubangulia, yeye anajifunika kitenge. Nikaandika kipimo cha homoni ya TSH, kinachoonyesha kama tezi ya thairoidi ya shingoni inafanya kazi.

Mtoto

Kwake kulianza miezi minane kabla, kwa doa dogo pembeni mwa mdomo, kushoto. Likapanda shavuni, likafika kwenye kope la chini, likashuka kidevuni. Kulia hakuna kitu. Kidevuni mpaka wa weupe unafika katikati kabisa ya uso na kukomea hapo.

Nilimwomba afumbe macho, nikasogeza taa. Kwenye kope la kushoto, nywele tano zilikuwa nyeupe, na ncha ya nyusi upande huo huo nayo imeanza kupoteza rangi. Mjomba hakuwa ameona. Mama mkubwa alikuwa ameona, akadhani ni vumbi la chokaa ya ubaoni. Nywele hizo tano zilinisumbua kuliko baka zima la shavuni, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kabla ya yote ilibidi niondoe ukoma. Mikoa yetu ya kusini bado inapata wagonjwa wa ukoma, na hofu yake ndiyo iliyoifikisha familia hii kliniki: shuleni mtoto alikuwa amehamishiwa dawati la peke yake. Doa la ukoma kwa kawaida hupauka bila kuwa jeupe kabisa, na hupoteza hisia. Nilimfumba macho, nikamgusa kwa ncha ya pamba ndani na nje ya baka, akaonyesha kwa kidole kila nilipogusa, hakukosa hata mara moja. Nikapapasa neva ya kiwiko na ya shingo, hazikuvimba. Mba wa fangasi, ambao kwa joto la Mtwara tunauona kila siku, huacha maganda membamba ukikwangua, naye hakuwa nayo. Chini ya taa ya Wood, yaani taa ya urujuanimno ya kukagulia ngozi, baka lilitoa mwanga mweupe wa kibuluu, mkali, wenye kingo safi, ishara kwamba rangi imekwisha kabisa.

Ualbino ni jambo jingine. Mwenye ualbino anazaliwa hivyo. Seli zake za rangi zipo, ila haziwezi kutengeneza melanini ya kutosha. Mwenye vitiligo alizaliwa na rangi yake yote, kisha seli hizo zikauawa.

Shule tuliiandikia barua siku hiyo hiyo. Tuliongeza pia kwamba hata angekuwa na ukoma, mgonjwa aliyeanza dawa hawaambukizi wenzake, kwa hiyo dawati la peke yake halina kazi kwa mtoto yeyote.

Nani anaua seli za rangi

Seli zinazotengeneza rangi huitwa melanosaiti, nazo hukaa sehemu ya chini kabisa ya tabaka la juu la ngozi na kwenye mizizi ya nywele. Kwa mtu kama mama mkubwa, kurithi kunampa mwelekeo tu. Vinasaba vingi vinavyohusishwa na vitiligo ni vya mfumo wa kinga, na vichache vinahusu utengenezaji wa rangi wenyewe. Lakini kwa mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vile vile, mmoja akiugua mwenzake huugua kwa takriban 23 tu katika 100. Kwa hiyo mjomba anaposema "ya ukoo", anasema sehemu ya ukweli.

Kinachofuata ndicho kiini cha ugonjwa wake. Melanosaiti zikielemewa, iwe kwa kemikali, kwa msuguano au kwa hitilafu ya ndani, hutoa ishara za hatari. Kinga inaitika. Seli T aina ya CD8, ambazo kazi yake halali ni kuua seli zenye virusi na seli za saratani, zinaanza kuzitambua protini za melanosaiti na kuzihesabu adui. Zinaua, na zikiua zinamwaga kemikali iitwayo interferoni gama. Seli za kawaida za ngozi zinaipokea kemikali hiyo kupitia njia ya vimeng'enya vya JAK, nazo zinatoa CXCL9 na CXCL10, ambazo kazi yake ni kuita seli T nyingine. Ni siafu hao: wa kwanza akishapata kitoweo huacha harufu njiani, na msafara mzima unafuata. Ukitaka kuusimamisha, kumuua siafu mmoja mmoja hakusaidii; lazima ukate ile harufu.

Kwamba ni kinga kweli tumelithibitishiwa na upande usiotarajiwa. Wagonjwa wa saratani ya ngozi ya melanoma wanaopewa dawa za kuifungulia kinga breki, baadhi yao huota mabaka meupe yanayofanana na vitiligo. Kinga iliyoachiwa iishambulie melanoma inazipitia na melanosaiti nzima.

Kinga iliyopotea njia mara nyingi haiishii kwenye ngozi. Ndiyo maana nilimuuliza mama mkubwa juu ya baridi na choo. Wenye vitiligo ya pande mbili hupata ugonjwa wa tezi ya thairoidi zaidi ya watu wengine, kwa sababu tezi hiyo nayo hushambuliwa na kinga ya mwili. Majibu ya TSH yalirudi juu, homoni ya thairoidi ikiwa chini. Miaka sita alikuwa ameambiwa kwamba mbalanga ni urembo tu umeharibika, hakuna anachoumwa. Maneno hayo huwa yananiuma. Kuna mwanamke aliyekuwa anabangua korosho kutwa nzima akiwa na tezi inayozimika, na alama ya kumstua daktari ilikuwa wazi mikononi mwake.

Jambo la pili kuhusu vitiligo ya aina yake ni kumbukumbu. Baadhi ya seli T zikishaua hazirudi kwenye damu. Zinabaki zimekaa ndani ya ngozi ile ile. Dawa zikirudisha rangi kisha zikaachwa, seli hizo zinaamka, na doa linarudi mahali pale pale. Utafiti wa Ufaransa uliotoka 2015, mdogo lakini uliopangwa vizuri, uliwafuata watu waliokwisha kurudisha rangi. Waliopaka mafuta yasiyo na dawa, karibu 40 katika 100 walipoteza rangi tena; waliopaka takrolimasi, dawa ya kutuliza kinga isiyo steroidi, mara mbili tu kwa wiki, karibu 10 katika 100. Namba hizo mbili zinaeleza kwa nini mama mkubwa alinunua tyubu, akapona mdomoni, akaacha, na doa likarudi. Yeye alidhani dawa ni feki.

Mtoto ana kinga ya namna gani

Kwa miaka mingi vitabu vilisema vitiligo ya upande mmoja, kama hii ya mtoto, ni ya neva, kwa kuwa baka hubaki ndani ya eneo moja la mwili na halivuki katikati. Wengine wakaenda mbali na kusema kinga haihusiki kabisa. Mimi nadhani kauli hiyo imewaumiza watoto, maana ukiamini kinga haihusiki hutaona haraka ya kuituliza.

Ukweli umeonekana pale watafiti walipofanikiwa kuchukua kipande cha ngozi mapema, baka likiwa bado linasogea. Mwaka 2010 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walieleza mgonjwa mmoja wa vitiligo ya upande mmoja: ukingoni mwa baka walizikuta seli CD8, zikiwa zinazilenga melanosaiti. Mgonjwa mmoja hatoshi kufunga hoja, ila matokeo hayo yanaendana na yale tunayoona kliniki, kwamba aina hii inatibika vizuri zaidi na dawa za kutuliza kinga ikiwa changa. Wakati wengi tunapowapima, miaka imepita, vita vimekwisha, seli T zimeondoka, na anayepima anahitimisha hazikuwahi kuwapo.

Basi kwa nini upande mmoja tu? Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni haya. Mtoto akiwa bado kiinitete tumboni, seli mama ya melanosaiti inaweza kupata badiliko dogo la kinasaba. Vizazi vyake vyote vinasambaa kwenye ukanda mmoja wa ngozi vikiwa na badiliko hilo, na kwingine hakuna. Miaka baadaye kinga inaugundua ukanda huo na kuushambulia. Melanosaiti za shavu la kulia hazina kosa hilo, kwa hiyo zinaachwa. Zikishauawa zenye kosa, hakuna tena cha kushambulia, na ugonjwa unasimama. Ndivyo unavyokwenda kweli: huanza utotoni au ujanani, husambaa kwa kasi kwa miezi kadhaa mpaka mwaka mmoja au miwili, kisha hutulia, kwa wengi maisha yote. Wa mama mkubwa hupanda na kushuka kwa miongo.

Sasa zile nywele tano. Rangi inaporudi kwenye vitiligo, kwa kawaida hutokea kwenye mizizi ya nywele. Akiba ya melanosaiti imejificha humo, nayo hupanda juu na kusambaa kwa vitone. Nywele ikiwa nyeupe, akiba ya shina lile imekwisha. Vitiligo ya upande mmoja huingia kwenye mizizi ya nywele mapema kuliko ile ya pande mbili. Kope jeupe la mtoto huyu lilimaanisha kwamba saa inahesabika: palipobaki na vinyweleo vyeusi pangeweza kuokolewa, ila kwa miezi michache tu.

Nilimkagua mwili mzima kutafuta madoa ya kuzaliwa yaliyozungukwa na duara jeupe. Hayakuwapo, na nilifurahi. Wapo wanaoanza na upande mmoja kisha wakaongeza wa pande mbili, na maduara hayo ni mojawapo ya dalili za kutangulia. Mwenye mama mkubwa kama wake anastahili kuangaliwa hivyo kila anapokuja.

Tuliyoamua

Klobetasoli niliikataa kwa mtoto. Ni steroidi kali sana. Karibu na jicho inaweza kuleta presha ya jicho na mtoto wa jicho, na usoni huichosha ngozi ikawa nyembamba. Hata mama mkubwa mwenyewe tayari alikuwa na vipele vidogo kuzunguka mdomo kwa kuipaka muda mrefu. Dawa hii inauzwa madukani kirahisi mno, na ndiyo hiyo hiyo inayochanganywa kwenye mikorogo ya kujichubua. Mtu anayepoteza rangi bila kutaka na anayeitafuta kuipoteza wanasimama foleni moja, wananunua tyubu moja, na hakuna anayewauliza neno.

Wote wawili nikawaandikia takrolimasi ya kupaka usoni asubuhi na jioni, pamoja na jua la asubuhi kwa dakika chache zinazoongezwa taratibu, ngozi isiungue. Mwanga maalumu wa UVB wa nanomita 311 ni bora kuliko jua, lakini kwetu mashine hatuna. Mjomba akacheka. "Si nilisema dawa ni moja?"

Dawa ni moja, nikamwambia, ila kwa mtoto tunawahi. Tunajaribu kuzima moto mapema ili akiba ya vinyweleo isiungue, kisha siku moja tutaacha. Kwa dada yako hatuachi. Rangi ikirudi atapaka mara mbili kwa wiki kwa muda mrefu, kwa sababu ya zile seli zenye kumbukumbu. Na vidole vyake nisimdanganye: ncha za vidole na vifundo vina vinyweleo vichache au havina kabisa, kwa hiyo akiba ya rangi ni haba, na dawa yoyote hupata shida hapo.

Aliuliza pia juu ya dawa mpya aliyosikia kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam. Ni ruksolitinibu ya kupaka, inayoziba ile njia ya JAK. Marekani waliiidhinisha Julai 2022 kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Kwenye majaribio, baada ya wiki 24, karibu watu 30 katika 100 walirudisha angalau robo tatu ya rangi ya uso. Ni hatua kubwa, lakini bei yake haifikiki kwa mshahara wa kubangua, na kibali chake ni cha vitiligo isiyo ya upande mmoja. Mtoto ana umri unaotosha, aina yake ya ugonjwa ndiyo haimo.

Upasuaji ndipo mizani inapogeuka. Kwa mama mkubwa, ukipandikiza melanosaiti kutoka pajani kwenda mkononi, kinga iliyo macho itazikuta na kuzila tena. Na kidonda cha upandikizaji chenyewe kinaweza kuzaa doa jipya, tukikumbuka mchuruziko ule wa mafuta. Kwa mtoto, baka likishatulia mwaka mmoja bila kusogea, upandikizaji una matokeo mazuri ya kudumu, maana melanosaiti zinazotoka mahali pengine pa mwili wake hazina adui. Ugonjwa unaoonekana mkaidi zaidi kwa dawa ndio unaokubali zaidi upasuaji.

Mama mkubwa aliambiwa pia aachane na mafuta ya ganda kwenye madoa, avae viatu visivyosugua, na apate glavu za kazini. Viatu alibadili. Glavu zimekuwa ngumu: zinampunguzia kasi, na analipwa kwa kilo.

Miezi sita baadaye

Alianza dawa ya homoni ya thairoidi, na kitenge cha mabegani ameshakivua. Pembe za mdomo zimejaa rangi karibu zote. Viwiko vimeanza vitone. Vidole viko vile vile, na hakuna doa jipya lililotoka tangu aache kandambili.

Mtoto tunamfuatilia kwa picha, kichwa kikiwa kimekaa namna moja na mwanga mmoja wa dirisha. Mwezi wa kwanza mpaka wa kidevu ulisogea kidogo, ukasimama, na haujasogea tena kwa miezi mitano. Shavuni vimetoka vitone vya kahawia, kila kimoja kikizunguka kinyweleo cheusi. Kwenye kope hakuna hata kimoja, na nywele nyeupe sasa ni saba. Shuleni amerudishwa dawati la kawaida. Alinieleza hilo mwenyewe kabla sijamuuliza habari za ngozi.

Mjomba anataka kujua kama atenge fedha za safari ya upasuaji kwenye korosho za msimu huu au ujao. Wengi wetu tunaotibu ngozi mikoani tumepita mafunzo Moshi, kwenye kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC kilichoanza 1992, na rufaa yake nitaianzia huko. Nimemwambia msimu ujao. Mpaka wa baka unatakiwa ukae miezi 12 bila kusogea ndipo apelekwe, na shavu huenda likawa limejijaza lenyewe kufikia wakati huo, ikabaki kope na nyusi tu.